Nimezungukwa na watu, sabuni haitoki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Kimanga. Mwaka jana mwezi wa tano kikundi chetu cha vikoba kilileta mwalimu wa ujasiriamali, akatufundisha kutengeneza sabuni ya maji kwa siku tatu. Baada ya hapo nikaingia Kariakoo, nikanunua salfoniki, ungaroli, soda ashi, marashi na rangi, nikaanza. Sabuni yangu ni nzuri, na hili si kujisifu. Kila aliyeitumia anasema ina povu, inanukia na haichubui mikono.

Shida ni kuuza. Nachanganya lita 60 kwa mkupuo. Malighafi yake ni kama 36,000, na dumu jipya la lita 5 nanunua 800. Dumu lililojaa nauza 7,000, chupa ya nusu lita 1,000. Hizo lita 60 zinanichukua mwezi na nusu kuisha, na zikiisha pesa siioni kwa sababu imelala kwenye daftari. Mpaka leo nawadai majirani 83,000. Ukimkumbusha mtu deni anakununia, na wiki inayofuata unamwona na sabuni ya dukani.

Kila asubuhi naweka status WhatsApp. Wanaotazama hawapungui 140, wananiwekea vikopa, wananiandikia "hongera mpambanaji". Wanunuzi wawili. Mwezi wa pili nikamlipa dada mmoja mwenye ukurasa mkubwa 50,000 anitangazie. Nikapata wafuasi zaidi ya 300, na simu kutoka Mwanza, Songea, hadi Lubumbashi, wakiuliza kama natuma mzigo. Hapa Dar hakununua mtu. Wifi yangu wa Mbezi Beach ndiye aliyetaka dumu moja, nikamwambia usafiri juu yangu, ni ndugu. Bodaboda ikanila 6,000.

Baba watoto anasema sabuni haina hela, niuze barafu. Mwenzangu kikundini anashauri tuombe mkopo wa halmashauri nichukue fremu Kariakoo, ndiko kwenye watu. Mwingine anasema nishushe dumu mpaka 5,000. Shangazi, wateja wako wapi? Mji huu una mamilioni ya watu, na wote wanaosha vyombo.

Mama Povu, Tabata

*

Marahaba Mama Povu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umesema mamilioni, na hujakosea, sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 5.3 mkoa huu. Ila mimi nilichukua lita zako 60 nikagawa kwa tano, nikapata madumu 12. Huo ndio mzigo wako wote, mwanangu. Ukiwa na watu 12 ambao kila mmoja anamaliza dumu kwa wiki, utakuwa unachanganya kila wiki badala ya kila baada ya mwezi na nusu. Hao milioni 5 waache wakae na mambo yao. Tunatafuta 12.

Kwanza nikuambie kwa nini hawapatikani hapo ulipo. Hebu rudi kwenye lile darasa la siku tatu. Mlikaa wangapi? Wote mtaa mmoja, na wote mkatoka na fomyula ileile kwenye daftari. Hata kama wengi hawakuendelea, kila mmoja ana shoga aliyejaribu, ana lita tatu chini ya kabati, au anajua kwamba dumu lako la 7,000 malighafi yake haifiki nusu ya bei. Mtu anayejua gharama yako ana ulimi mzito sana wa kusema "nipe mbili".

La pili ni kwamba nyumbani sabuni haiishi. Mimi na wajukuu wawili, dumu la lita 5 linatupitisha mwezi mzima na ushee. Likikaribia kukauka naongeza maji. Maji nayo yakigoma kutoa povu, nachukua kipande cha sabuni ya mche, maisha yanaendelea. Sina haraka, na mteja asiye na haraka ndiye anayekopa. Majirani zako si watu wabaya, Mama Povu. Ni watu ambao ukiwanyima sabuni leo, hakuna kitakachoharibika mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa nikupeleke Buguruni.

Wiki mbili zilizopita nilikula mchana kwa mama lishe mmoja jirani na soko. Benchi mbili, turubai, jiko la mkaa la kubabaisha, wali maharage na samaki wa kukaanga. Nyuma yake kuna binti anaosha sahani kwenye mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuza, na la kusuuzia tena ambalo nalo lilikuwa limeshageuka rangi. Sabuni alikuwa ameitia kwenye chupa ya maji, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto, anaminya tone kwenye dodoki, sahani tatu, anaminya tena. Mafuta ya samaki hayatoki kirahisi. Kama saa saba na dakika ishirini ile chupa ikaanza kukoroma. Binti akaitikisa, akaiminya kwa mikono miwili, akaita, "Mama, imeisha!" Sahani safi zilikuwa zimebaki nne, na benchi zote mbili zimejaa mafundi. Mama hata hakugeuka. Alichomoa buku kwenye khanga, akampa mtoto wa kiume aliyekuwa anachota maji, mtoto akatoka mbio kuelekea dukani.

Yule mtoto anayekimbia na noti ya buku, Mama Povu, ndiye mteja wako. Hakuuliza povu wala harufu. Hakuomba kukopa. Kesho yake angekimbia tena, na keshokutwa. Na mama yake analipa buku kwa kichupa kidogo kila siku ya kazi, kwa sababu hakuna mtu aliyemletea dumu mlangoni.

Kwa hiyo usiulize tena nani ataipenda sabuni yangu. Uliza nani inamwishia, na ikimwishia kazi inasimama. Ukitembea na swali hilo kuanzia kwako Kimanga, ukashuka Barakuda, ukapita Tabata Relini mpaka Buguruni, utawaona kila upande: mama lishe, vijana wa kuosha magari, baa (na Tabata haijawahi kulalamika uhaba wa baa), nyumba za wageni, saluni zenye mlima wa mataulo, gereji ambako fundi hawezi kula mpaka atoe grisi mikononi, dei kea.

Hawafanani, na hapa uwe makini. Waosha magari wanatumia nyingi kuliko wote, ila wanataka bei ya chini, na masika ya Machi hadi Mei kazi yao inalala. Halafu soda ashi ukiizidisha, sabuni inayokula mikono italaumiwa pia rangi ya gari ikififia, na gari la mtu hulipi kwa madumu. Baa wanachukua kwa uhakika, lakini anayeosha vyoo siye anayelipa, na anayelipa atakwambia "njoo Jumatatu" mpaka uijue Jumatatu kwa jina la ukoo. Dei kea analipa mwenye shule mwenyewe na anajali mikono ya watoto, ila Juni na Desemba anafunga. Saluni wauzie ya kufulia mataulo tu. Wakikuomba watumie kichwani kwa mteja, kataa. Hii si shampuu.

Mimi ningeanza na mama lishe. Saba kati ya 12 wawe wao, waliobaki uchanganye. Ramadhani wengine hawapiki mchana, na ndiyo sababu sitaki wote 12 wawe wa aina moja.

Namna ya kuwaendea. Usiende saa saba, utafukuzwa na mwiko. Nenda saa tisa na nusu alasiri, watu wameshatawanyika, mama anahesabu chenji, binti anamalizia masufuria. Agiza chai au soda, ukae. Siku hiyo huuzi kitu. Zungumza kwanza na anayeosha, muombe akuonyeshe viganja. Utaviona vimebabuka katikati ya vidole, na hapo ndipo ile sifa yako ya "haichubui" ina maana, siyo kwenye status. Kisha mgeukie anayelipa: anatumia sabuni gani, chupa inakaa siku ngapi, kwa wiki inamtoka shilingi ngapi. Wengi hawajawahi kupiga hesabu hiyo. Buku kwa siku, siku sita, ni 6,000. Mwache aitamke mwenyewe.

Ukiondoka mwachie nusu lita ya bure, tena umwachie binti, siyo mama. Ibandike karatasi iliyoandikwa SABUNI kwa herufi kubwa pamoja na namba yako. Sitaki kusikia umeiacha kwenye chupa tupu ya maji isiyo na maandishi. Kwenye vibanda hivi kuna watoto, na mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Siku ya tatu rudi saa ileile ukiwa na dumu. Watalipindua kuangalia kama sabuni ni nzito. Wewe unajua uzito ule ni mambo ya chumvi, na kwamba chumvi ikipita kiasi sabuni inarudi kuwa majimaji, lakini usifungue darasa pale. Binti ameshaipima kwenye sahani za samaki siku mbili, na mama atamtazama binti kabla ya kukujibu wewe. Nimeona hivyo mara nyingi mno.

Piga hodi milango 30. Tisa au kumi watasema "nzuri sana dada, tutakutafuta". Hao wapigie mstari mwekundu kwenye daftari, hawatakutafuta. Wengine wana mtu wao tayari. Baki na wanaokuuliza swali la pili: unapita siku gani?

Siku hiyo uwe nayo. Chagua Jumanne na Ijumaa, upite njia ileile, saa ileile, kama muuza maziwa. Mbezi, Mbagala, Kigamboni, sahau kwa sasa. Mimi zamani nilikuwa nauza vitumbua, nikasimama kituo cha daladala kwa sababu ndiko kulikokuwa na watu wengi. Watu wengi walikuwa wanakimbilia gari! Wananipita, wengine wananikanyaga. Nikahamia geti la gereji moja, watu 20 tu, wote wameingia kazini saa kumi na mbili bila chai. Saa tatu beseni lilikuwa tupu. Sikubadilisha hata sukari.

Bei usiishushe. Kwa 5,000, ukitoa gharama yako ya 3,800, unabaki na 1,200, na hapo hujapanda daladala. Fanya hivi: dumu la kwanza 7,000. Kuanzia la pili, anayerudisha dumu tupu analipa 6,500, kama tunavyorudisha kreti za soda. Wewe umeokoa ile 800, gharama inabaki 3,000, mkononi kuna 3,500. Madumu 12 ni 42,000 kwa wiki kabla ya nauli. Mwambie baba watoto namba hiyo, halafu mwache afikirie barafu zake. Madumu yanayorudi yaoshe na uyakague. La mafuta ya taa likichanganyika humo utajuta.

Mali kauli najua utaombwa. Sheria iwe moja, dumu lililopita lilipwe ndipo jipya lishuke, na asiwepo mtu mwenye madumu mawili ya deni hata kama ni mama mchungaji. Akulipe kwa simu palepale, usikubali "nitakutumia jioni". Jioni ina mambo mengi.

Fremu ya Kariakoo nimeicheka kidogo, unisamehe. Utatakiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, sehemu nyingine na kilemba (pesa ya kumpisha aliyepo) juu yake, ukishalipa utajikuta umepakana na maduka yaleyale yaliyokuuzia salfoniki, na baadhi yao wanauza sabuni iliyokwisha kutengenezwa. Mtu haendi Kariakoo kutafuta dumu moja la sabuni. Mkopo wa halmashauri ni jambo jingine na siukatai. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, mwaka uliofuata ukarudi, na hauna riba. Lakini unatolewa kwa kikundi, na kikundi chako ndio hao mliosoma sabuni pamoja, kwa hiyo kaeni chini kwanza mjue nani anatengeneza na nani anauza. Pia mkopo una maana siku ambayo wateja wanaomba madumu 30 na wewe una ndoo moja ya kuchanganyia. Leo tatizo lako siyo ndoo.

Jambo ambalo ningelianza mapema ni karatasi. Ukishika shule kubwa au zahanati wataulizia alama ya TBS, shirika la viwango, na hata asiyeuliza, sabuni inayouzwa inatakiwa iwe na viwango. Pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo tangu 1973 kwa ajili ya watu wa saizi yako. Wanafundisha, na wanaandika barua ya kumtambulisha mjasiriamali mdogo TBS ili apate nafuu ya gharama miaka ya mwanzo. Ukienda, beba sampuli na vipimo vyako vilivyoandikwa, siyo "naweka kidogo kidogo mpaka iwe nzuri".

Zile 50,000 za tangazo zimeshakwenda. Yule dada alikupa alichonacho, macho ya nchi nzima, na macho ya Songea hayawezi kununua dumu Tabata. Status endelea nayo, ila badala ya picha ya sabuni na maua, andika Jumatatu usiku: "Kesho saa tisa napita Barakuda na Relini, yamebaki madumu 3." Walio njiani watajua wanahusika.

Majirani sasa. Ile 83,000 tuma ujumbe mmoja wa heshima kwa kila mtu, mara moja tu, kisha funga ukurasa. Atakayelipa alipe. Usimsimamie mtu mlangoni. Bado mnahitajiana kwenye misiba. Chupa za nusu lita zipeleke kwa Mangi, mwenye duka wa hapo mtaani, umuuzie kwa bei ya kuanzia mia nane nane, yeye auze buku. Hata kwa 800 unapata zaidi kwa kila lita kuliko kwenye dumu, ilimradi chupa haikuli sana. Na Mangi hakopeshi kwa aibu kama wewe. Jirani akikuuliza, mwelekeze huko.

Amebaki wifi wa Mbezi Beach. Akipiga tena, mpokee kwa furaha, mwambie bei ni 7,000 na boda yake. Akiguna, mwambie sabuni ipo, siku akija kuwaona watoto atabeba.

Shangazi